Mkwe, Mimi na Gharika ya Chuma

28 Machi

Binti yangu Suhaila amerudi nyumbani Tanga kujifungua. Mtoto wa kwanza huzaliwa kwa kina mama yake, na hilo halina mjadala hata kwa wakwe zetu wa Pangani, ambao kwa kawaida hujadili kila kitu. Amesindikizwa na mumewe Rahimu, mpishi wa hoteli ndogo kule Ushongo, na baba mkwe wake, mzee Shekhe, bwana samaki mstaafu. Wamekuja na kapu la samaki wa ng'onda, mkungu wa ndizi na sinia zima la halua. Nimepokea kwa mikono miwili.

Naanza kuandika leo kwa sababu leo nimefanya jambo la kipuuzi nikiwa na akili zangu timamu, na nataka nikumbuke vizuri lilivyoanza.

Picha ya hospitali imeonyesha kwamba mtoto ni wa kike. Baada ya chakula nikasema taratibu, "Tutampata Time mdogo, inshallah." Time ni mama yangu, aliyetutoka mwaka juzi. Kwetu sisi, mtoto akipewa jina la mama yako mzazi, humwiti kwa jina. Unamwita mama, hata kama bado ananyonya. Nina miaka hamsini na tisa na sina tena mtu wa kumwita mama. Hayo sikuyasema mbele za watu, nilisema jina tu.

Mzee Shekhe akakohoa. "Inshallah, mkwe. Ila na sisi tulikuwa na nia ya jina la marehemu, mama yake Rahimu."

Marehemu huyo aliitwa Samira. Mimi sikumjua, alifariki Rahimu akiwa bado shuleni. Sasa wakwe hawagombani. Wakwe husukumana kwa adabu kama watu wawili mlangoni, tafadhali tangulia wewe, huku kila mmoja ameweka kiwiko. Tukasukumana hivyo mpaka chai ikapoa. Rahimu alipoulizwa akasema, "Mimi ni mtoto wenu nyote. Mkipatana nyinyi, nami nimepatana." Jibu la mtu anayetaka kula kwenye nyumba zote mbili.

Ili kutuamua, Yussuf akawasha televisheni. Yussuf ni kitindamimba wangu, ana duka lake hapahapa Usagara la kuwawekea watu filamu kwenye flashi. Akatuonyesha kionjo cha filamu kubwa inayotoka Ijumaa ijayo: watu wa chuma wanatoka baharini na kumeza miji. Jina lake la Kizungu ni refu, ila mtaani wameshaibatiza Gharika ya Chuma.

"Hiyo imekufa kabla ya kuzaliwa," akasema mzee Shekhe. Ana simu kubwa na muda mwingi, anasoma kila kitu. "Wachambuzi waliokwisha kuoneshwa, tisa katika kumi wameiponda. Imekula dola milioni mia tatu. Haitarudisha hata nauli."

"Mkwe, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," nikamwambia. "Hiyo itajitembeza dunia nzima."

"Itaingiza ngapi?"

"Milioni mia saba." Sijui zilitoka wapi. Zilitoka mdomoni tu.

"Mia tano, na hapo nimeihurumia."

Yussuf akacheka. "Basi yameisha! Atakayekaribia zaidi ndiye atoe jina."

Nilingoja mzee amkemee. Mzee akaweka kikombe chini na kusema, "Nimekubali." Ningefanyaje? Mwalimu mstaafu wa hesabu, nikimbie hesabu mbele ya bwana samaki? Tukaafikiana: itaangaliwa jumla ya mauzo ya tiketi duniani kote kama itakavyosomeka siku ya akika, mtoto akitimiza siku ya saba na kupewa jina. Kila mmoja anaruhusiwa kubadilisha makadirio yake mara moja tu, kabla filamu haijatimiza wiki mbili. Fedha hatuweki, kwa kuwa kamari ni haramu.

Suhaila alikuwa amelala kwenye mkeka muda wote huo. Hakuna aliyemuuliza kitu.

30 Machi

Nimemuuliza ustadhi wa madrasa kama tulichofanya ni kamari. Akafikiri sana. "Mali haikuwekwa, bibi, kwa hiyo kamari siwezi kusema. Lakini mtoto naye si mbuzi wa kushindaniwa." Nimerudi nyumbani na jibu nusu la halali na nusu la aibu.

3 Aprili

Masika yameanza kwa kishindo. Filamu imetoka leo huko kwao. Suhaila ametaka maembe mabichi kwa chumvi.

6 Aprili

Yussuf amesoma kwenye simu: siku tatu za kwanza, milioni mia mbili na kumi! Nimempikia kaimati. Nikampigia mkwe simu kumjulia hali tu.

"Nimeziona," akasema kabla sijafika huko. "Mkwe, samaki wa siku ya kwanza hawakwambii msimu. Watu wanakwenda mara moja, wakitoka wanawaonya wenzao."

Mtu huyu ananiudhi kwa utulivu wake. Ana sauti ya mtu aliyeketi.

9 Aprili

Mvua. Miguu ya Suhaila imevimba kidogo. Devota, jirani yetu Mbondei, nesi mstaafu, amemwambia apunguze chumvi. Maembe yamepigwa marufuku na nyumba imenuna.

13 Aprili

Mia tatu na sabini. Mzee Shekhe ametuma madafu kwa gari la abiria, na ujumbe: "Ya mwanangu Suhaila, si ya mkwe." Nimekunywa moja.

15 Aprili

Leo nimekwenda dukani kwa Yussuf kumpelekea chakula na nikashindwa kuingia. Watu wamejaa mpaka barazani, kila mmoja na flashi yake, wote wanataka Gharika ya Chuma iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Mfasiri wake ni mwehu mmoja wa Dar es Salaam. Analifanya jitu la chuma liongee kama dalali wa soko la samaki, linadai kodi ya bahari. Watu wanacheka mpaka wanashikana mabega. Kibanda umiza, kile chumba cha video cha nyuma ya soko, wanaionyesha mara nne kwa siku na bado watu wanachungulia kwa nje. Hata Raskazone, nilipokwenda kumtazama dada, watoto walikuwa wanatembea kwa kukaza magoti wakidai kodi. Dada yangu, ambaye tangu aende hija hatazami chochote ila kipindi cha mapishi, akaniuliza, "Hivi lile jitu lilikufa mwisho?"

Nimerudi nikikokotoa njia nzima. Kama Tanga hii, mji wa watu watulivu, imepagawa namna hii, Mombasa je? Dar es Salaam? Lagosi? Wahindi je, walivyo wengi? Wachambuzi wamewaza Ulaya yao tu, hawajui kwamba dunia ni kubwa.

16 Aprili

Nimempigia mkwe. "Nabadilisha. Mia tisa na hamsini."

Akauliza, "Una hakika, mkwe?"

"Nimefanya utafiti."

"Haya. Mimi nabaki na mia tano yangu."

Nimelala usingizi mzuri sana.

20 Aprili

Mia nne na sabini. Inapanda, ila imepunguza mwendo. Nimemwambia Yussuf labda hawajafikisha hesabu za huku kwetu. Akanitazama kwa namna ambayo sikuipenda, akasema ana mteja.

22 Aprili

Sasa nimejua alichokuwa ananificha. Nilimbana jikoni.

"Mama," akasema, "tiketi wanazohesabu ni za majumba ya sinema. Mtu analipa dirishani, kompyuta inaandika."

"Na hawa wote wa dukani kwako?"

"Hawa wamenilipa mimi. Na mimi simpelekei mtu hesabu."

"Na kibanda umiza?"

"Mama, kibanda umiza nacho kimechukua flashi kwangu."

"Kwa hiyo hiyo dunia nzima wanayoisema, Tanga haimo?"

"Haimo. Pangani haimo. Wote hatumo."

Nilikaa kwenye kibao cha mbuzi, kile cha kukunia nazi, nikiwa na nusu ya nazi mkononi. Miaka thelathini nimewafundisha watoto wa watu kwamba kabla ya kujumlisha, kwanza ujue unajumlisha nini. Nimehesabu vichwa vya mji mzima, na dirishani hakusimama hata mmoja! Kisha nikacheka, kwa sababu ningelia Yussuf angeniona. Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Mia saba yangu ilikuwa inatosha.

Jioni nikajishusha, nikampigia mkwe. Nikamweleza kosa langu lote, bila kuficha, nikaomba nirudi kwenye mia saba.

Alicheka kwanza, kicheko cha kweli, mpaka nikacheka naye. Halafu akasema, "Mkwe, tulisema mara moja."

"Tulisema, ndiyo. Ila nakuomba."

"Ungeniomba kitu kingine chochote, ningekupa."

Nimekata simu bila kuaga. Mtu gani huyu? Mtu mzima, mstaafu, anang'ang'ania mchezo kama mtoto wa gololi. Nimemwambia Suhaila baba mkwe wake ana roho ya ukakasi. Suhaila akasema, "Mama, yeye hajabadilisha chochote. Aliyebadilisha ni wewe." Huyo ndiye binti niliyemzaa.

23 Aprili

Bado nimekasirika. Mvua.

24 Aprili

Mzee Shekhe amepiga, si kwangu, kwa Suhaila. Nimesikia kupitia pazia. Anamuuliza amelalaje, amekula nini, kichwa hakimuumi? Miguu je? Leo imevimba kuliko jana? Maswali ya mama mzazi. Hakutaja filamu.

27 Aprili

Mia tano na arobaini. Imeshaipita mia tano yake na kila tiketi sasa inamkimbia yeye na kunijia mimi. Nimekaa na kalamu: katikati ya namba zetu ni mia saba na ishirini na tano, kwa hiyo ikifika mia saba na ishirini na sita, jina ni langu. Yussuf anasema Japani bado hawajaionyesha, wataanza tarehe nane mwezi wa tano, na Wajapani wanapenda sana majitu. Hospitali wamesema mtoto atakuja tarehe thelathini hivi.

30 Aprili

Mtoto hajaja. Hakuna dalili yoyote. Nimefua.

2 Mei

Mtoto hajaja. Barabara ya Pangani maji yamekata sehemu mbili. Baba mkwe amepiga asubuhi na jioni.

3 Mei

Leo Suhaila amenishika. Nilikuwa namkanda miguu, nikasema, "Usiwe na haraka, mwanangu. Mtoto hukaa mpaka siku yake."

Akaniangalia. "Mama, unataka nimzuie mpaka Wajapani wanunue tiketi?"

Nikaruka, "Astaghfirullah, Suhaila!" Lakini uso wangu haukujua pa kujiweka. Ni kweli. Kila asubuhi nikisikia hakuna uchungu, kuna kitu ndani yangu kinafurahi, na mtoto wangu miguu imejaa kama magogo. Nimeona haya, na nimeandika hapa ili haya hiyo isinitoke upesi.

5 Mei

Nitaandika yote kwa mpangilio.

Saa nne asubuhi Suhaila alisema anaona nyota. Nikadhani ni njaa. Nikamletea uji, akaushika, kikombe kikamponyoka. Uso wake ulikuwa umevimba, macho yamekuwa madogo. Nikamwita Devota kwa kupiga kelele dirishani. Alikuja na kile kipimo chake cha presha, akamfunga mkono, akasoma, akamfunga tena, akasoma. Hakuniambia namba. Mimi na namba zangu zote, hiyo sikuitaka.

"Bi Nasra, twende hospitali sasa hivi. Usitafute kanga nzuri."

Mvua ilikuwa inamwagika. Barabara yetu maji yalifika kwenye ngazi za nyumba. Yussuf alitembea mbele ya bajaji akipapasa kwa miguu palipo na shimo, anamwonyesha dereva kwa mkono, kushoto, kulia, simama, huku Devota amempakata Suhaila kichwa na mimi nimempakata miguu. Miguu ile ilikuwa mizito na baridi. Nilisoma kila aya niliyoijua, nikimaliza naanza upya. Nilikuwa namwambia Mungu: chukua jina, chukua majina yote, mwache huyu.

Hospitali wakamwingiza moja kwa moja. Daktari, dada mdogo tu, akatoka akasema presha iko juu sana, hawawezi kungoja uchungu, watampasua. Nikaweka sahihi. Kisha wakafunga mlango na mimi nikabaki kwenye benchi na kiatu kimoja, kingine kimekwenda na maji.

Saa nane hivi wakaingia Rahimu na mzee Shekhe, Yussuf alikuwa amewapigia simu. Walikuja kwa pikipiki kutoka Pangani, na pale maji yalipokata barabara walishuka wakavuka kwa miguu wakishikana mikono, pikipiki wakaiacha, wakapanda nyingine upande wa pili. Mzee alikuwa ameloa mpaka kofia. Amekunja suruali hadi magotini na viatu amevining'iniza shingoni kwa kamba zake. Rahimu akaenda kusimama mlangoni. Mzee akaketi upande wa pili wa benchi, si karibu, si mbali.

"Mkwe," akasema.

"Mkwe," nikasema.

Akavua koti lake, akalikamua, akalitazama, akaona haliwezi kumsaidia mtu. Akatoa mfukoni mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, ndani mna skafu kavu ya sufu, akanipa nijifunike. Nilijifunika. Tukakaa. Nilijua kwa namna alivyokuwa anautazama ule mlango kwamba amewahi kuukalia mlango mwingine kama huo. Nilikumbuka maswali yake ya simu, miguu je, kichwa je? Nikaona kwamba nilikuwa nimemkasirikia mtu nisiyemjua.

"Mama yake Rahimu alikuwa na mimba ya pili," akasema, bila kunigeukia. "Ilianza na miguu."

Ilikuwa inakaribia alasiri mlango ulipofunguliwa. Nesi alikuwa anacheka. Nilipoona meno yake nikaanza kulia kabla hajasema neno. Mama mzima. Mtoto mzima, wa kike, kilo tatu kasoro kidogo, ana nywele kama amekuja na wigi. Rahimu akamwadhinia sikioni, akakosea akarudia. Mzee Shekhe akasujudu palepale sakafuni, kwenye maji yaliyokuwa yakimtiririka mwenyewe.

Alhamdulillahi. Alhamdulillahi. Alhamdulillahi.

6 Mei

Presha inashuka. Amekula uji wote.

8 Mei

Tumerudi nyumbani. Mtoto analala mchana na ana adabu kuliko mama yake alipokuwa mdogo. Sote tunamwita "mgeni." Yussuf akaanza kusema kuhusu Japani, nikamwambia anyamaze.

11 Mei

Leo ilikuwa akika. Mvua imetupa nafasi tangu alfajiri, jua limetoka safi. Mbuzi amechinjwa, mtoto amenyolewa zile nywele zake, nyumba imejaa watu na harufu ya pilau. Baada ya kisomo ustadhi akauliza jina, na watu wote wakatugeukia mimi na mkwe, kwa kuwa habari ya Gharika ya Chuma ilikuwa imeshaenea mtaa mzima. Yussuf akatoa simu. Nilimwona anatamani iwe namba nyingine.

"Mia sita na hamsini na moja," akasema.

Hata Wajapani hawakuniokoa. Mzee Shekhe amekosea kwa mia moja na hamsini na moja, mimi kwa mia mbili na tisini na tisa. Na ile mia saba yangu ya kwanza ingekosea kwa arobaini na tisa tu. Nilimwona mama yangu, kanga yake ya njano, kikuku chake. Ningependa sana kumwita mama mtu yule mdogo aliyenyolewa, hilo sitalikana.

"Mkwe," nikasema, na sauti yangu ilikuwa nzuri kuliko nilivyotegemea, "hesabu ni hesabu. Jina ni lako."

Sikuwa na uchungu naye. Niliutafuta uchungu nikaukosa.

Nikamwekea mtoto mikononi. Alimshika kama anavyoshika mtu aliyeshika vitoto vichache. Akafungua mdomo, akaufunga. Watu wakangoja. Rahimu akamsogelea, "Baba, sema." Akainama mpaka ndevu zikamgusa mtoto paji la uso.

"Samira," akasema.

Ilitoka ndogo, na haikukaa sawa, kama neno la lugha ya watu. Akasema tena, "Samira." Kisha akatutazama, macho yamejaa.

"Mniwie radhi," akasema. "Sijazoea. Nilimwoa nikimwita bibie, tulipomzaa huyu nikamwita mama Rahimu. Ndivyo tulivyolelewa, mtu hamwiti mkewe jina. Hata siku ile hospitali, nilimwita mama Rahimu, mama Rahimu, mpaka mwisho. Jina lake sikuwahi kumwita nalo. Hata siku moja."

Suhaila akawa analia kitandani. Ustadhi akatazama miguu yake. Mimi nikainuka, nikachukua kiti kizuri cha sebuleni, kile cha wageni, nikakiweka kando ya kitanda cha mtoto, nikamwambia, "Kaa hapa, mkwe. Mwite." Halafu nikaenda jikoni kupakua pilau, kwa sababu watu walikuwa na njaa.

12 Mei

Amelala kwetu, barabara bado. Tangu asubuhi ni yeye tu: Samira, umeamka? Samira, mke wangu, jua hilo limetoka. Samira, babu yako anakunywa chai. Yussuf amelalamika kwamba hawezi kusikia televisheni. Nimemwambia aizime.